Maji yako mbele ila maana iko nyuma: waterproof, watershed na ndugu zao

Marahaba jamani, marahaba, kaeni tu. Namshukuru mkuu wa chuo kwa kunikaribisha, na nawashukuru wagumu mliokuja maana najua wengine mmeshuka mlimani jana na magoti bado yanauma. Nimeambiwa niongee kuhusu Kiingereza cha kazini kwa waongoza watalii, sasa Kiingereza ni kikubwa, nikaona nichukue neno moja tu ambalo hata mtoto wa chekechea analijua, water, halafu tuangalie linavyojiunga na wenzake. Kwa sababu shida ya wengi wetu sio maneno magumu, neno gumu ukilisikia hulijui unauliza yanaisha. Shida ni lile ambalo nusu ya kwanza unaijua na nusu ya pili unaijua, unajumlisha mwenyewe kichwani, unajibu yes yes no problem, kumbe mgeni kaongelea kitu kingine kabisa na sasa umeshamkubalia.

Kanuni ya kuanzia ni moja. Sisi kwenye Kiswahili kitu chenyewe tunakiweka mbele, kinachokieleza kinafuata nyuma. Tikitimaji ni tikiti, gugu maji ni gugu, chura ukimuita wa majini bado ni chura. Mwingereza kageuza, kitu chenyewe anakiweka mwisho. Watermelon, mwisho kuna melon, kwa hiyo ni tikiti. Waterfall, mwisho kuna fall, ni kuanguka, ni maporomoko, kama ya Materuni, au Kinukamori pale Marangu. Waterfront, mwisho front, ni ule upande wa mji unaotazama bahari au ziwa, Forodhani kwa mfano. Kwa hiyo ukisikia neno refu linaanza na water usishikwe na mwanzo, kimbilia mwisho ujue hiki ni kitu gani, ndio urudi mbele uulize maji yanahusikaje.

Na hapo kwenye yanahusikaje ndio pana kazi. Kiswahili kinakuonea huruma, kinakupa viungo, utasema cha maji, cha kuzuia maji, cha kwenye maji, kinachoendeshwa na maji. Kiingereza kinabandika tu halafu kinanyamaza. Waterwheel linazungushwa na maji. Water pistol inarusha maji. Watercolour ni rangi unayoichanganya na maji. Watercress ni mboga inayoota kwenye maji. Waterproof inazuia maji. Watermelon ina maji ndani yake, tena mengi, karibu asilimia 92. Water ni ileile, kila sehemu inafanya kazi nyingine, na hakuna hata herufi moja ya kukusaidia, inabidi ujue.

Sasa geuza, water ikikaa mwisho, hapo ni maji kweli. Rainwater ni maji ya mvua, bathwater ni ya kuogea, floodwater ni ya mafuriko. Mgeni hotelini akikuambia my water bottle, mwisho ni bottle, anataka lile chupa lake la kutembea nalo, limebandikwa stika za milima yote aliyowahi kupanda, hata kama ni tupu analitaka. Akisema bottled water, mwisho ni water, anataka maji ya kununua. Hizo ni oda mbili na nimeshuhudia kijana katumwa ile ya kwanza, karudi na katoni ya ile ya pili kaibeba begani anahema, mgeni anabaki kushangaa.

Matamshi kidogo tu. Sisi tumezoea kukazia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo tunasema wotaFOlu, wotameLOni. Kwenye haya maneno uzito unakaa mwanzoni kabisa, WAterfall, WAtermelon, WAterfront, na sehemu ya pili inapita haraka. Ukikazia vibaya mgeni anaweza kukutazama tu kama hajasikia, na sio kwamba anaringa, sikio lake limepotea. Halafu Mmarekani ile t yake ya katikati inakaribia r yetu, atasema wora, zoea.

Kuandika pamoja au kutenganisha msiniulize kanuni, hakuna ya maana. Waterfall pamoja, water bottle mbalimbali, water-repellent na kistari katikati, na kamusi zenyewe zinapishana. Ila kuna sehemu moja ile nafasi ndogo inaleta msiba. Water board ukitenganisha ni bodi ya maji, kama zile walizoanzisha Kenya kwa sheria ya maji ya 2002. Ukiunganisha, waterboard, ni kitenzi, ni kumtesa mtu, unamlaza kwenye ubao na kumfunga, unamfunika uso kitambaa halafu unamwagia maji juu yake mpaka mwili uamini unazama. CIA waliwafanyia hivyo mahabusu baada ya Septemba 2001, mjadala ukawa mkubwa Marekani kama hayo ni mateso au ni mbinu ya mahojiano, mpaka Obama alipopiga marufuku Januari 2009 siku mbili tu baada ya kuapishwa. Kwa hiyo ukijaza fomu ya viza na ukaandika kwa neno moja kwamba mjomba wako anafanya kazi kwenye waterboard, usishangae wakikuita kwa mahojiano ya ziada.

Haya twende mbugani maana ndio ofisi yenu. Waterbuck, kwa kanuni yetu mwisho ni buck, ni swala dume au mnyama wa jamii hiyo, na huyu ni kuro wetu, yule mwenye duara jeupe matakoni utadhani kakalia kiti cha choo kilichopakwa rangi mbichi, wageni utani huu wanaujua na wanaupenda kila mara. Water imeingia kwa sababu hakai mbali na maji, anakunywa sana kuliko swala wengi, na akifukuzwa na simba au mbwa mwitu anaweza kuingia mtoni kabisa akasimama humo. Sio mnyama wa majini lakini. Mgeni akikuuliza does it live in the water, jibu ni hapana, anaishi kando.

Water buffalo ndio pa kuwa makini zaidi. Wamarekani wengi wakiona nyati wetu pale Ngorongoro wanapaza sauti, look, water buffalo! Hapana. Water buffalo ni mnyama wa Asia, anafugwa, analima mashamba ya mpunga India mpaka Ufilipino, na Italia wanamkamua wanatengeneza jibini ya mozzarella. Huyu wetu kwa Kiingereza ni Cape buffalo, hajawahi kukubali kufugwa na hana mpango huo. Msahihishe mgeni kwa upole, usimwache tu aende nayo nyumbani, maana atakuja kuoneshwa picha na mtu anayejua halafu ataandika kwenye mtandao kwamba gaidi wake, samahani jamani, muongozaji wake, alikuwa hajui nyati. Mnaona kwa nini hilo neno la guide siliandiki Kiswahili.

Waterhole na watering hole. Waterhole ni dimbwi porini wanapokunywa wanyama. Watering hole inaweza kuwa hilohilo, ila mgeni akikuuliza jioni mjini any good watering holes around here, huyo anataka baa. Usimpeleke Tarangire.

Ukipata kazi kanda ya ziwa utaulizwa na water hyacinth. Gugu maji, lile lenye maua ya zambarau, asili yake Amerika Kusini, lilitua Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980 na likaziba mialo na bandari kuanzia Kisumu mpaka Mwanza, mitumbwi inashindwa kutoka, samaki wanakosa hewa chini. Walikuja kuwaachia wadudu, aina ya fukusi wanaokula gugu hilo tu, wakalipunguza sana ingawa hurudi rudi. Na kwa jina, huyu hyacinth wa bustani za Ulaya hawana undugu na huyu, walifananisha maua tu. Kwa hiyo hata kile cha mwisho nilichosema ndio kitu chenyewe kuna wakati kinadanganya, mkumbuke.

Sasa mavazi, na hapa nitakaa maana hapa ndipo mnapopoteza wageni na bakshishi. Kuna waterproof, kuna water-resistant, kuna water-repellent, na wauzaji wa madukani wanazichanganya kwa makusudi. Waterproof ni haipitishi. Resistant ni inavumilia, kwa muda, kwa kiasi. Repellent ni inayafukuza maji juu ya kitambaa, lakini ikizidiwa inaacha yapite.

Ukitaka kuona kwa macho chukua jaketi, hata la mtumba la soko la Memorial, mwagia maji kidogo begani. Maji yakijikusanya matone ya duara yakakimbia, ile dawa ya juu bado ipo, repellent inafanya kazi. Tone likitandaa na kitambaa kikageuka rangi kuwa cheusi cheusi, dawa imekwisha, na kufua na sabuni ya unga ndio kumeimaliza. Halafu geuza jaketi nje ndani uangalie mishono. Ukiona juu ya kila mshono kuna utepe mwembamba unaong'aa umegandishwa kwa moto, hapo pana dalili ya waterproof ya kweli. Ukiona mshono uko wazi, uzi unauona, basi kila tundu la sindano linaingiza maji hata kitambaa kiwe kizuri vipi. Angalia na zipu. Jaketi zuri likiwa na zipu ya kawaida isiyo na kifuniko mgeni atalowa kifua chote huku mabega yake ni makavu.

Kwenye lebo mara nyingine utakuta namba, 10,000 mm. Wageni huwa wanauliza. Wanachofanya kiwandani ni kubana kitambaa chini ya bomba la maji lililosimama, wanaongeza kimo cha maji mpaka matone yaanze kupenya, kimo hicho ndio namba. Kwa hiyo 10,000 mm ni maji ya urefu wa mita kumi yamesimama juu ya kitambaa kabla hakijashindwa. Nguo ya 1,500 inafaa manyunyu ya kutoka kwenye gari kwenda loji, sio msitu wa Machame kule Kilimanjaro mwezi wa nne, maana mvua ya pale haiulizi, na mgeni akilowa siku ya kwanza anapanda na nguo mbichi kwenda kwenye baridi ambako hazikauki tena.

Neno lenyewe waterproof limepanda umaarufu na bwana mmoja wa Glasgow, Charles Macintosh, mkemia, 1823 alipata hataza ya kitambaa alichokipaka mpira ulioyeyushwa kwa mafuta ya nafta, kisha akafunika na kitambaa kingine juu, mpira ukabaki katikati. Ikafanya kazi ila kwenye joto lilikuwa linanata na kwenye baridi linakakamaa, na harufu yake watu walilalamika. Mpaka leo Mwingereza mzee atakuambia I forgot my mac, anaongelea koti la mvua, sio kompyuta.

Saa nazo. Imeandikwa water resistant 30 m, mgeni anaruka nayo baharini Nungwi, imekufa, anamlaumu nani? Ile mita 30 ni presha ya maabara, maji yametulia na saa imetulia, kwa matumizi ya kawaida maana yake nawa mikono na mvua basi, kuogelea hapana. Na simu zikiandikwa IP67, ile 6 ni vumbi, ile 7 ni kuzama mita moja kwa dakika 30, maji baridi safi, chumvi ya bahari haimo kwenye ahadi hiyo.

Watertight nitapita haraka. Ni kubana kiasi kwamba maji hayaingii, ni neno la meli. Titanic ilikuwa na vyumba 16 vya namna hiyo na ilijengwa iweze kuelea hata vinne vya mbele vikijaa, barafu ikafungua zaidi ya hivyo, na kuta za katikati hazikufika juu vya kutosha, kwa hiyo maji yalipojaa chumba kimoja yakamwagikia cha pili juu ya ukuta, na usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili 1912 ikaenda chini na watu kama 1,500. Leo neno liko zaidi mahakamani, watertight contract, mkataba ambao wakili wa upande wa pili hapati pa kupenya.

Sasa watershed, hili ndio nalipenda kuliko yote kwa sababu linaitwa rahisi na halieleweki kabisa. Ukifuata kanuni yangu mwisho ni shed, na shed tunayoijua ni banda. Banda la maji? Kuna tafsiri nimesoma, sitaitaja ya nani, imeandika kwamba Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa banda la maji katika historia ya Tanzania. Jamani. Hii shed sio banda, ni kitenzi cha zamani chenye maana ya kutenganisha, kugawa. Watershed ni mgawo wa maji, ule mstari wa juu ambapo mvua ikidondoka upande huu inakwenda mto huu na ikidondoka upande ule inakwenda mto mwingine, kama mgongo wa paa la nyumba, tone moja linaishia mtaro wa mbele na jirani yake linaishia uani. Ukitaka kuuona mkubwa nenda msitu wa Nyungwe kule Rwanda, mgongo wa milima ile mvua ya upande mmoja inaingia Congo na kumalizikia Atlantiki, ya upande wa pili inaingia Nile na kwenda mpaka Mediterania. Matone mawili yametoka wingu moja, hayatakutana tena bara zima.

Ndio maana wanahistoria wameliazima, watershed moment, ule wakati ambao mambo yakishapita hapo yanaelekea upande mwingine. Azimio la Arusha hapo linakaa vizuri kabisa.

Sasa msikilize balaa. Hiyo maana ya mstari ni ya Waingereza. Mmarekani akisema watershed hasemi mstari, anasema eneo lote linalomwaga maji kwenye mto mmoja, yaani bonde zima. Mmoja anaongelea mpaka, mwingine anaongelea nchi iliyomo ndani ya mpaka, na wote wanatumia neno moja na wanaweza kukaa mkutano mzima wa mazingira bila kugundua. Mkifanya kazi na miradi ya wafadhili kwenye bonde la Pangani, muulizeni mapema kwa adabu anamaanisha ipi.

Halafu televisheni. Uingereza watershed ni saa tatu usiku, kabla ya hapo huoneshi matusi na mambo ya wakubwa kwa sababu watoto wako macho. Kenya nao wana watershed period kwenye kanuni zao za utangazaji, kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa nne usiku vipindi lazima viwe vya familia. Ukifikiria ni palepale, ni mstari, upande huu watoto, upande huu wakubwa.

Na tukiwa bado Kenya kuna water tower. Duniani kote water tower ni tangi lililoinuliwa juu ya nguzo ili maji yashuke kwa uzito wake. Kenya wakisema water towers wanamaanisha misitu ya milimani, Mau, Mlima Kenya, Aberdare, Elgon na Cherangani, zile tano ambazo mito mingi mikubwa ya nchi inaanzia huko, na serikali iliunda hadi wakala wake 2012 wa kuzisimamia. Kwa hiyo mtu wa Nairobi akikuambia watu wamevamia water tower usitafute ngazi.

Toeni noti mfukoni, yeyote, inue kwenye mwanga wa dirisha. Mnamuona Mwalimu kwenye ile sehemu nyeupe, hayupo kwa wino, yupo kwa kivuli. Hiyo ni watermark. Noti ya Kenya utakuta kichwa cha simba. Water imeingiaje hapo wakati hakuna maji? Yalikuwepo. Karatasi inapotengenezwa bado ni uji uji mbichi, wanaibonyeza na waya uliosukwa kwa umbo la picha, palipobonyea panakuwa pembamba mwanga unapita zaidi, pasipobonyea pananenepa panakuwa giza, ikikauka picha imekaa ndani ya karatasi yenyewe, huwezi kuikwangua. Waitaliano wa Fabriano walikuwa wanafanya hivyo tangu karne ya 13, walianza kama alama ya kiwanda tu, kila fundi na yake. Leo watermark ni ile nembo ya kufifia wapiga picha wanaiweka juu ya picha zao ili usiibe, na hapo hakuna karatasi wala maji wala waya, jina limebaki lenyewe. Ila angalieni, high-water mark ni kitu kingine, hiyo ni alama halisi ya maji yalipofikia, ile laini ya mwani na takataka ufukweni maji yakishakupwa.

Watergate msihangaike nalo, kwa wageni wenye umri litatokea mezani. Ni jina la majengo Washington, na tarehe 17 Juni 1972 watu walikamatwa wamevunja ofisi za chama cha Democratic humo ndani, uchunguzi ukapanda mpaka kwa rais Nixon, akajiuzulu Agosti 1974. Tangu hapo waandishi wakachukua ile gate ya mwisho wakaifanya kiambishi cha kashfa, kila fedheha wanaibandika, na hii sasa ni kinyume cha kila kitu nilichosema, maana mkia umebaki na maji yametupwa. Uingereza walikuwa na Partygate ya enzi za Boris Johnson, sherehe wakati wa lockdown. Afrika Kusini wakawa na Nkandlagate, kashfa ya fedha za umma kwenye makazi ya Zuma, na kilichochekesha watu kule ni kwamba bwawa la kuogelea lilitetewa kuwa ni la kuzimia moto. Maji yalirudi kwa mlango wa nyuma. Mahakama ya Katiba 2016 ikaamua alipe sehemu ya gharama.

Nimesema water ikikaa mwisho ni maji kweli, nako kuna wakorofi, nitawapa wachache wa hotelini. Toilet water sio maji ya chooni, ni manukato mepesi, Kifaransa eau de toilette, mgeni akikuambia amepoteza toilet water yake bafuni usimtazame vibaya. Firewater ni pombe kali, gongo ingefaa kuitwa hivyo. Backwater wakisema kuhusu mji wako wamekutukana, ni sehemu iliyolala haina mambo, kwa hiyo mtu akiita Moshi backwater una ruhusa ya kumjibu. Breakwater ndio hakuna maji kabisa, ni ukuta wa mawe baharini unaovunja mawimbi kulinda bandari, hapa break ni kitenzi na water ndio inayovunjwa. Na underwater ni chini ya maji kwa wapiga mbizi, ila Mmarekani akikuambia my house is underwater muulize kwanza kama ni mafuriko, mara nyingi anasema deni la nyumba limezidi bei ya nyumba.

Nimalizie na waterworks, na hili wanaopandisha wazee mlisikilize vizuri. Mwanzo ni mitambo ya maji ya mji, visima, matangi, mabomba. Ukiambiwa kuhusu mtoto here come the waterworks, anataka kulia, machozi. Lakini Mwingereza mtu mzima, hasa mzee wa miaka sabini mwenye aibu zake, akikuvuta pembeni pale kambi ya Shira akasema kwa sauti ya chini I'm having a bit of trouble with the waterworks, haongelei bomba la kambi. Anaongelea mkojo wake. Waingereza wa rika hilo hawatamki, sawasawa na sisi tunavyosema haja ndogo. Watasema pia to pass water, ni kukojoa.

Sasa hapo usicheke na usimwambie don't worry, the water comes tomorrow. Kaa naye pembeni umuulize taratibu, amekojoa mara ngapi tangu asubuhi, amekunywa lita ngapi, anasikia maumivu chini ya kitovu. Kama anatumia Diamox, ile dawa ya ugonjwa wa mwinuko, na anakojoa kila saa, hiyo dawa yenyewe ndio inafanya hivyo, mtulize na umsogezee hema karibu na choo. Kama anakunywa vizuri halafu hatoki kitu tangu jana yake na tumbo la chini limejaa limekuwa gumu, hilo sio la kusubiri asubuhi, toa taarifa ofisini kwa redio usiku huohuo na mzee ashushwe akaonane na daktari. Haya, nani ana swali, nyuma pale nimeona mkono.